Je, Lisilosikika Halipo?

Ndugu zetu wasomaji, tumeulizwa suala katika darsa yetu ya hapa Kibarani, nasi tumeona ni bora jawabu yake tuiandike ili iwafikie na wale wasiohudhuria. Asili ya suala hilo ni jambo dogo. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tulipokuwa tumekaa barazani, popo wawili watatu waliingia chini ya paa wakawa wakiizunguka taa na kukamata nondo. Taa ikazimika, na kiza kikawa kinene hata mtu hamwoni aliye ubavuni mwake. Walakini tuliusikia upepo wa mbawa zao ukipita karibu na nyuso zetu, wala hapana hata mmoja aliyetugusa, wala aliyegonga nguzo. Kijana mmoja akasema kuwa hiyo ndiyo dalili ya yale yasemwayo na wengi, kwamba popo ni mnyama wa wachawi na huongozwa na jini. Mwenziwe akamcheka, akasema kuwa yeye hakubali kitu chochote ila akionacho kwa macho yake au akisikiacho kwa masikio yake. Kisha wote wawili wakatugeukia wakataka hukumu.

Twasema kuwa wote wawili wamekosea. Wa kwanza amesadiki bila ya dalili, na wa pili amekanusha bila ya dalili. Wala asidhani mtu kuwa makosa haya ni mchezo wa barazani tu, kwani kwa hilo la kwanza watu wameuawa, na kwa hilo la pili watu wamedharauliwa. Basi na tuanze kwa kumjua huyo popo mwenyewe, kwa sababu kulihukumu jambo ni tawi la kulijua, na asiyelijua jambo hana haki ya kulihukumu.

Popo wa pwani yetu hii, tangu Malindi mpaka Kilifi, si wa namna moja. Wako wakubwa walao maembe na matunda ya mikanju, nao wana macho makubwa na huona vizuri. Wako wadogo wakaao katika mapango ya mawe ya matumbawe, na katika magofu ya kale, na ndani ya mibuyu yenye uwazi, nao chakula chao ni wadudu. Namna moja ya popo wa mapangoni ilipewa jina la kitaalamu mwaka 1909 kwa mnyama aliyepatikana Rabai, nayo haijulikani ila katika Kenya na kaskazini ya mashariki ya Tanzania. Basi huyu ni jirani yetu wa hapa hapa, naye tumemjua kwa kashfa kuliko kwa elimu. Na lililo la kwanza kulisahihisha ni kuwa popo si kipofu. Kila popo ana macho, na macho yake yaona. Hata hivyo jua likisha kuchwa, huyu mdogo hayategemei.

Watu wa kale waliliona jambo hili wakalistaajabia. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya tisa ya miladi, aliandika juu ya popo katika kitabu chake cha wanyama. Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, alimpigia mfano: popo hushindwa kuona mchana, si kwa kuwa mchana hauna nuru, bali kwa kuwa macho yake ni dhaifu mbele ya nuru hiyo. Mfano huo wafundisha kwamba kukosa kuona huenda ikawa ni upungufu wa mwenye kuona, wala si upungufu wa kinachoonwa. Twaomba msomaji auweke moyoni, kwani hapa mbele tutauona umetugeukia sisi wenyewe.

Katika mwaka 1793 mtu mmoja wa Italia aitwaye Lazzaro Spallanzani, padri na mwalimu katika chuo cha Pavia, alimtazama bundi akiruka chumbani, akaona kuwa mshumaa ukizimika bundi hugonga kuta. Akamtia popo katika kiza kile kile, na popo hakugonga kitu. Akaendelea mpaka akawapofua popo kadhaa, nao wakaruka vile vile kama wenye macho. Akawaachia nje, na alipowakamata tena akawapasua, akakuta matumbo yao yamejaa wadudu kama matumbo ya wenzao wasiopofuliwa. Hatukisifu kitendo cha kumpofua mnyama, bali twasimulia lililotokea. Mwaka uliofuata, 1794, daktari wa Geneva aitwaye Louis Jurine aliwaziba popo masikio, nao wakawa wakijigonga huku na huku. Spallanzani akalirudia jaribio hilo mwenyewe, akaona ni kweli.

Sasa zingatia, ewe ndugu msomaji, hali waliyokuwa nayo watu hao. Jaribio lasema kuwa popo huongozwa na sikio, na ilhali popo yule aruka kimya, hapana sauti yoyote asikiayo mtu. Sikio lasikia nini basi, ikiwa hapana kinacholia? Wengi katika wataalamu wakalifanyia mzaha jambo hilo. Cuvier wa Ufaransa, aliyekuwa mkubwa wa elimu ya wanyama katika zama zake, akasema kuwa popo huhisi kwa ngozi ya mbawa zake, na watu wakamfuata kwa ukubwa wa jina lake, wakayaacha majaribio yaliyofanywa mbele ya macho. Hii ndiyo taklidi, na yaonekana haina dini wala nchi maalumu. Huingia msikitini, na huingia katika vyuo vya Ulaya pia. Na Spallanzani alikufa mwaka 1799 bila ya kuipata siri yenyewe, ila hakusema kuwa ni jini, wala hakusema kuwa jambo halipo. Aliandika aliyoyaona, akakiri kuwa sababu hajaipata.

Ikapita miaka 144 tangu jaribio la Jurine. Katika mwaka 1938 kijana mwanafunzi wa chuo cha Harvard katika Marekani, jina lake Donald Griffin, aliwapeleka popo wake mbele ya chombo kilichotengenezwa na mwalimu wa elimu ya sauti, G. W. Pierce, kiwezacho kuzipokea sauti nyembamba zisizofika katika sikio la binadamu na kuzigeuza zikasikika. Chombo kikapiga kelele. Kumbe popo yule aliyedhaniwa bubu alikuwa akilia wakati wote! Kisha Griffin na mwenziwe Robert Galambos wakaonyesha kuwa popo akizibwa mdomo hujigonga, kama ajigongavyo akizibwa masikio. Siri ikawa imefunuka: popo hutoa mlio, mlio hugonga kitu na kurudi kama mwangwi, na kwa mwangwi huo akajua kitu kiko wapi.

Na hesabu yake ni hii. Sikio la mtu mzima wa afya husikia sauti ambazo mtetemeko wake hauzidi kiasi cha mara 20,000 kwa sekunde moja. Milio ya popo wala wadudu aghalabu imepita hapo, na wako katika pwani yetu ambao mlio wao wapita laki moja. Sauti huenda hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Basi nondo akiwa mbali na popo kwa mita 1.7, mwangwi hurudi katika sehemu moja ya mia ya sekunde, na kwa kuwahi au kukawia kwa mwangwi popo hupima masafa. Kwa tofauti ya kufika katika sikio hili na sikio lile hujua upande. Akiwa bado atafuta, hulia kiasi cha mara 10 kwa sekunde, na akimkaribia mdudu huzidisha mpaka ikapita mara 150 kwa sekunde, kwani kila anavyokaribia ndivyo hitaji lake la habari linavyozidi. Na ili asijizibe masikio kwa kelele yake mwenyewe, iko misuli midogo ndani ya sikio ikazayo wakati atoapo mlio, kisha hulegea ili mwangwi upite.

Wako wengine wenye hila nyembamba zaidi. Msomaji amepata kusimama kando ya barabara ya Malindi gari likapita likipiga honi, akasikia sauti ya honi ni nyembamba lijapo na nene liendapo. Basi popo wa namna moja wenye pua ya mfano wa kwato la farasi hutumia jambo hilo hilo. Mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Schnitzler alionyesha mwaka 1968 kuwa popo hawa, wakiwa warukao, huishusha sauti yao kidogo kwa kadiri ya mwendo wao, ili mwangwi urudipo uwe ni ule ule ambao masikio yao huusikia vyema kuliko wote. Ndipo mtikisiko wa mbawa za mdudu unapowadhihirikia, wakambagua na jani lililotulia.

Wala isidhaniwe kuwa mdudu ni mnyonge asiye na hila. Wako nondo wenye masikio yasikiayo mlio wa popo, na wausikiapo hugeuka, au hukunja mbawa wakajiangusha chini. Wako wengine watoao milio yao wenyewe, na katika mwaka 2009 ilidhihirishwa Marekani kuwa namna moja ya nondo kwa milio hiyo humchanganya popo hata akamkosa. Na popo naye si wote washikao njia moja. Yuko wa nchi zetu hizi, mwenye pua ya mfano wa moyo, akaaye katika mibuyu. Huyu huning'inia kimya usiku akasikiliza nyayo za dundu na taandu juu ya majani makavu, kisha akawashukia. Na yuko mla matunda wa mapangoni ambaye hugonga ulimi wake ili apate mwangwi wa kumwongoza ndani ya kiza. Kila mmoja ana mlango wake wa kuujua ulimwengu.

Sasa turudi kwa wale vijana wawili.

Wewe uliyesema hukubali ila ulisikialo, tazama! Kwa maelfu ya miaka hewa ya usiku juu ya vichwa vya wazee wetu ilikuwa imejaa makelele, na wao wakasema, usiku huu ni mtulivu ulioje. Hawakusema uwongo, walisema kadiri ya masikio yao. Lakini lau wangesema kuwa hapana sauti kabisa, wangekuwa wamelifanya sikio lao ndilo mpaka wa ulimwengu. Ndiyo maana tulikuambia kuwa mfano wa Imamu Ghazali umetugeukia. Mbele ya nuru ya mchana popo ndiye mnyonge, na mbele ya sauti za usiku wanyonge ni sisi. Na Imamu huyo huyo ametukumbusha kuwa jicho huiona nyota ndogo kama sarafu, ilhali hesabu yathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Hisia ni shahidi, nasi twamhitaji, ila shahidi huulizwa akajibu lile alilolihudhuria, wala hapewi kiti cha kadhi.

Na kosa hili lina madhara kwa wanadamu. Hapa Kibarani kwetu iko skuli ya watoto wasiosikia. Ni mara ngapi mtoto wa namna hiyo ameitwa bubu, akahesabiwa kuwa hana akili, akafichwa nyumbani wenziwe wakaenda kusoma? Sababu ni moja tu: sisi hatukusikia maneno kwake, tukasema hana maneno. Na yeye maneno anayo, yamo mikononi mwake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeihesabu Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Aliyekuwa kiziwi katika mazungumzo yale, basi, alikuwa ni nani?

Mwaka 1974 mwanafalsafa wa Marekani, Thomas Nagel, aliandika makala mashuhuri akiuliza kuwa popo ni kuwaje. Muradi wake ni kwamba twaweza kuyajua yote ya milio na masikio na hesabu, na bado tusijue ulimwengu unavyomdhihirikia popo mwenyewe kutoka ndani yake. Wako waliomjibu na kumpinga. Sisi twachukua kwake adabu moja: kuijua mashine ya mtu si kuijua hali yake. Wewe hujui ulimwengu wa mtoto asiyesikia ulivyo, basi usimhukumu kwa kipimo cha ulimwengu wako. Muulize kwa lugha yake akuambie.

Ama wewe uliyesema popo ni wa wachawi, huenda ukafurahi kwa tuliyomwambia mwenzio, ukasema: ikiwa yako mambo yasiyosikika, basi na ya wachawi yako. La, hukufahamu. Mlio wa popo haukukubaliwa kwa kuwa hausikiki, bali umekubaliwa kwa kuwa umedhihirishwa. Mtu alisema kuwa sikio ndilo limwongozalo, likazibwa, naye akajigonga, likazibuliwa, akaruka. Jaribio likarudiwa na mwingine katika mji mwingine, likatoa jawabu lile lile. Lau popo aliyezibwa masikio angaliruka salama, mwenye maneno yale angalilazimika kuyaacha. Je, mganga wako amewahi kusema neno ambalo likiwa uwongo atajulikana kuwa ni mwongo? Mgonjwa akipona, ni dawa yake. Akifa, mchawi alikuwa na nguvu zaidi. Neno lisiloweza kushindwa na jambo lolote si elimu, hata likipambwa kwa ubani na maandishi.

Huenda mtu akauliza: na mambo ya ghaibu ambayo sisi Waislamu twayaamini, je, nayo yataingizwa katika chombo cha Pierce? Twajibu kwa uwazi, kwani suala hili ni la haki. Mlio wa popo si ghaibu kwa maana hiyo. Ni hewa itetemekayo, kiumbe katika viumbe, kilichokuwa mbali na sikio letu kikaletwa karibu kwa chombo. Si kila tusichokisikia ni ghaibu, na mwenye kuutumia mwangwi wa popo kuwa ni hoja ya majini au ya malaika amechanganya mlango na mlango. Ghaibu ina njia yake kwa wenye kuiamini, nayo ni wahyi, na wala haikumpa mwanadamu yeyote idhini ya kumnyoshea kidole jirani yake na kusema: huyu nimemjua kwa siri kuwa ni mwuaji. Bali imemnyima. Mwenye kudai kuwa aijua siri iliyo moyoni mwa bibi kizee ameidai elimu asiyokuwa nayo.

Na hapa ndipo penye damu, ndugu zetu. Katika mwaka 1995 hofu ya popobawa iliingia Pemba kisha Unguja. Watu wakalala nje kwa makundi, na mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani kuwa ndiye. Hofu hiyo ikarudi mwaka 2007 huko Dar es Salaam. Wala tusiseme hayo ni ya wenzetu. Katika Kilifi hii yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine hawana kosa ila mvi zao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma limeonekana shamba ambalo vijana wanataka kulirithi. Huko Ganze, kaya ya Godoma imekuwa makimbilio ya wazee waliotishwa na watu wa majumbani mwao wenyewe. Mzee aliyebeba mtoto mgongoni, leo amkimbia mtoto yule yule!

Basi kipimo chetu twakiweka katika mambo matatu. La kwanza, usikanushe jambo kwa kuwa tu hisia zako hazikulifikia. Sema sijui, nalo ni neno la wanazuoni. La pili, usilithibitishe mpaka dalili yake iweze kuonwa na mwingine asiyekuwa wewe, na mwenye kulidai awe tayari kuliacha likibatilika. La tatu, na hili ndilo zito, kila madhara ya neno yanavyokuwa makubwa juu ya mnyonge, ndivyo dalili yake iwe na nguvu zaidi. Ukikosea kwa kusema popo huyu alia hivi au vile, umekosea katika kitabu. Ukikosea kwa kusema mama huyu ni mchawi, hapana kitabu kitakachomrudisha.

Ama popo wenyewe, twawaombea kheri. Wasitiliwe moshi mapangoni wala wasipigwe mawe, kwani hula wadudu kwa wingi, na wale walao matunda hupeleka chavua ya mbuyu kutoka ua hadi ua usiku sisi tukiwa tumelala. Wala hatusemi washikwe kwa mikono. Mnyama wa mwitu huweza kuwa na maradhi, na kumwacha kwa amani ndiyo haki yake na usalama wetu.

Tulipokuwa tumeyafikisha maneno haya katika darsa, yule kijana wa kwanza alinyamaza kitambo, kisha akatuambia kuwa mtaani kwao yuko bibi ambaye watoto wamekatazwa kupita mlangoni pake, na kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa waliowakataza. Hatukumwuliza zaidi. Siku ya pili, kabla ya Magharibi, alipita kwetu akiwa na kikapu cha unga na sukari, na pamoja naye alikuwa yule mwenziwe aliyemcheka. Walituuliza kama twaweza kufuatana nao kwa bibi huyo, kwa kuwa walikuwa wakiona haya kwenda peke yao. Tukafuatana nao.